Alama ya X Ndani ya Mwili



Anayeishi Chamazi, Mbagala au kwingineko Dar es Salaam hahitaji kufundishwa maana ya alama ya X. Barabara inapotakiwa kupanuliwa, wapimaji hupita na rangi nyekundu na kuandika X kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya eneo la barabara. Tangu siku hiyo kila mpita njia hujua kwamba nyumba ile itavunjwa. Nyumba ya jirani isiyo na alama huachwa, hata kama zimekaribiana kiasi cha kupeana chumvi dirishani. Tingatinga halichagui nyumba. Linafuata alama.

Katika somo letu la mwezi huu tutaona kwamba ndani ya mwili wa kila mmoja wetu ipo kazi inayofanana sana na hiyo. Mwili hupiga alama vitu vyake vinavyopaswa kubomolewa, kisha huvibomoa vyenye alama tu. Tutaona pia jinsi virusi fulani vinavyoitumia alama hiyo kwa hila, na jinsi hila hiyo inavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huua wanawake wengi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Mwishoni, mzazi ataweza kujibu swali ambalo wengi hujiuliza: kwa nini binti wa miaka 9 achanjwe leo, wakati ugonjwa wenyewe huwapata zaidi akina mama wa miaka 40 na 50?

SELI NA PROTINI ZAKE

Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho bila darubini. Ndani ya kila seli wamo wafanyakazi wengi waitwao protini. Tukisikia neno protini, wengi wetu hufikiria maharage, dagaa na mayai. Hatukosei, lakini chakula ni mwanzo tu. Protini ya maharage humeng'enywa tumboni ikawa vipande vidogo viitwavyo amino asidi. Seli huvichukua vipande hivyo na kuviunga upya, kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Kisha uzi huo hujikunja na kupata umbo lake maalumu. Protini moja hubeba oksijeni, nyingine hukaza msuli, nyingine hulinda kiini cha seli.

Protini hazina umri mmoja. Nyingine huishi dakika chache, nyingine wiki kadhaa, na zile za lenzi ya jicho hudumu karibu maisha yote ya mtu. Kila siku mtu mzima hubomoa na kujenga upya protini yenye uzito wa kama robo kilo au zaidi kidogo. Wachache wetu hula protini nyingi kiasi hicho kwa siku. Basi vipande vingi vya kujengea hutoka wapi? Hutoka katika protini zilizobomolewa. Ni kama fundi wa Chamazi anayevunja kibanda cha zamani ili ajenge nyumba mpya. Hatupi kitu. Mabati huyaweka kando, milango na fremu huzihifadhi, nondo huzinyoosha, na tofali nzima huzipanga pembeni zikingoja kazi.

Seli hubomoa protini kwa sababu kuu tatu. Kwanza, protini nyingine huharibika au hujikunja vibaya tangu mwanzo, nazo zikiachwa zitaziba njia. Pili, vipande vyake vinahitajika kwa ujenzi mwingine. Tatu, na hii ndiyo sababu ambayo wengi hawaijui, zipo protini zinazotoa amri. Protini inayoiamuru seli igawanyike ni lazima iondoke amri yake ikishatekelezwa. Ikibaki, seli itaendelea kugawanyika pasipo mwisho. Kwa hiyo kubomoa kwa wakati wake ni sehemu ya uhai, sawasawa na kujenga.

NANI HUPIGA ALAMA?

Rangi ya alama ni protini ndogo iitwayo ubikwitini. Ina amino asidi 76 tu. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali", kwa kuwa inapatikana karibu kwa kila kiumbe ambacho seli zake zina kiini. Imo ndani ya mnazi, ndani ya ng'ombe, na hata ndani ya hamira tunayoumulia maandazi. Kati ya amino asidi 76 za ubikwitini ya hamira na zile za ubikwitini ya binadamu, tofauti ni 3 peke yake.

Kazi ya kupiga alama hufanywa na makundi matatu ya vimeng'enya. Kundi la kwanza huandaa rangi, na kazi hiyo hutumia nguvu za seli. Kundi la pili huipokea rangi na kuibeba. Kundi la tatu ndilo linalojua ni nyumba ipi ipigwe X. Wa kundi la kwanza ni wachache sana, wa kundi la pili ni makumi, lakini wa kundi la tatu ni zaidi ya aina 600 ndani ya mwili wa binadamu. Wingi huo una maana. Kila mpimaji wa kundi la tatu ana orodha yake ya protini anazozijua. Huzitambua kwa dalili fulani: sehemu iliyopaswa kufichwa ndani imejitokeza nje, au protini imebandikwa kemikali ndogo inayosema "kazi yangu imekwisha".

Alama moja mara nyingi haitoshi. Ubikwitini ya pili hubandikwa juu ya ile ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, mpaka upatikane mnyororo, kwa kawaida wa ubikwitini 4 au zaidi. Wapo pia vimeng'enya vya kufuta alama, aina kama 100, kwa ajili ya kusahihisha makosa. Seli haina haraka ya kuvunja kitu kabla ya kuhakikisha.

KINU CHA KUBOMOLEA

Protini yenye alama hupelekwa kwenye chombo kiitwacho proteasomu. Tukiite kinu, kwa sababu umbo lake ni kama kinu au pipa lililo wazi katikati. Seli moja ya binadamu ina vinu hivyo kama 30,000. Meno ya kinu yako ndani kabisa, si nje. Laiti yangekuwa nje, yangekata kila protini inayopita, yenye hatia na isiyo na hatia.

Mlangoni mwa kinu wapo walinzi, nao ni protini vilevile. Walinzi hawa huitambua alama, huing'oa, huinyoosha protini iliyojikunja na kuiingiza ndani kama uzi kwenye tundu la sindano. Huko ndani hukatwakatwa vipande vifupi, ambavyo baadaye humalizwa kuwa amino asidi za kujengea upya. Ubikwitini yenyewe haiingii kinuni. Hurudishwa ikatumike tena, kama mpimaji anayeondoka na kopo lake la rangi.

Mambo haya hayakujulikana kwa urahisi. Kwa muda mrefu wanasayansi walishughulikia zaidi jinsi seli inavyojenga, na kubomoa kukaonekana ni kazi ya kutupa taka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walichunguza seli changa za damu ya sungura. Wakakuta kwamba kubomoa kuna utaratibu na kunagharimu nguvu. Mwaka 2004 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ujuzi huo umeshazaa dawa: tangu mwaka 2003 imekuwapo dawa inayoziba kinu hicho, nayo hutumika kutibu aina moja ya saratani ya uboho wa mifupa.

MLINZI AITWAYE p53

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuchague somo hili. Miongoni mwa protini za seli yumo mlinzi mmoja ambaye wanasayansi humwita p53. Alitambuliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kulinda maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kiini cha seli, yaani jeni. Seli inapotaka kugawanyika huku maandishi yake yameharibika, p53 huisimamisha ili yatengenezwe kwanza. Uharibifu ukiwa mkubwa mno, p53 huiamuru seli ile ijiue yenyewe kuliko kuzaa seli mbaya. Hivyo mwili hujikinga na saratani kila siku bila sisi kujua.

Mlinzi mkali namna hiyo akizunguka na rungu wakati wote, hata seli nzima hazitafanya kazi. Ndiyo maana katika hali ya kawaida seli humtengeneza p53 na baada ya dakika chache tu humpiga alama ya X, akaenda kinuni. Hatari inapotokea, wapimaji huacha kumpiga alama. Basi p53 huongezeka haraka, akaanza kazi. Hatari ikipita, alama hurudi. Mpango mzima hutegemea jambo moja: kwamba anayepiga alama ni seli yenyewe, kwa wakati wake.

VIRUSI VINAVYOITUMIA ALAMA KWA HILA

Kuna kundi la virusi viitwavyo HPV. Aina zake ni zaidi ya 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Nyingine huleta chunjua tu mikononi. Lakini aina chache zina hatari, hasa namba 16 na 18. Hizi mbili peke yake husababisha saratani kama 7 kati ya kila 10 za mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi. Aliyezigundua ndani ya saratani hiyo ni Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake, mwaka 1983 na 1984, naye alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008.

Virusi havina kiwanda chao. Ili vizaliane ni lazima vitumie mitambo ya seli, na mitambo hiyo hufanya kazi vizuri zaidi seli inapogawanyika. Kwa hiyo HPV huichochea seli iendelee kugawanyika. Hapo p53 angepaswa kushtuka na kuisimamisha. Virusi hufanya nini? Hutengeneza protini ndogo iitwayo E6.

E6 haina rangi yake wala kinu chake. Inachofanya ni kumshika mmoja wa wapimaji halali wa seli, wa lile kundi la tatu, ambaye kwa kawaida ana kazi nyingine kabisa. Ikishamshika, humwongoza mpaka kwa p53 na kumfanya ampige X. Kinu hakiulizi nani aliyeagiza. Kikiona alama, kinabomoa. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hivi ndivyo p53 anavyoangamizwa. Virusi vina na protini nyingine, E7, inayomwangamiza mlinzi wa pili anayezuia seli isigawanyike ovyo.

Tuangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Katika saratani nyingine nyingi maandishi ya kumtengeneza p53 yenyewe yameharibika. Katika saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida maandishi hayo ni mazima. Mlinzi anatengenezwa kila saa, na kila saa anabomolewa kwa alama isiyo ya haki.

Ushahidi mmoja umetoka kwa mama aliyekufa zamani. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 31, alifariki kwa saratani hii mjini Baltimore. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na hadi leo zinakuzwa katika maabara duniani kote. Ndani yake imo HPV 18. Watafiti waliona kwamba maandishi ya p53 katika seli hizo ni salama, lakini p53 mwenyewe karibu haonekani. Walipoizuia E6 isitengenezwe, p53 alirudi, na seli zile zikaacha kugawanyika.

MIAKA MINGI YA UKIMYA

Mtu asishtuke akadhani kila aliyepata HPV atapata saratani. Sivyo. HPV huambukizwa hasa kwa kujamiiana, nayo ni ya kawaida kiasi kwamba wengi wa watu waliowahi kujamiiana huipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, bila dalili yoyote. Kwa wengi kinga ya mwili huiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kwa wachache virusi hubaki. Mwaka baada ya mwaka seli hugawanyika bila mlinzi, na makosa ya maandishi hujikusanya. Kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa muda huo huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu, kwa sababu kinga yake imedhoofika. Na kwa jumla wanawake wenye virusi vya UKIMWI wana hatari kama mara 6 zaidi ya kupata saratani hii. Uvutaji wa sigara pia huongeza hatari.

Katika miaka hiyo yote hakuna maumivu. Dalili zikija, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusambaa: kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga na mgongo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya wanawake 6,000 hufariki. Wengi hufika Ocean Road wakiwa wamechelewa. Hospitali ile ya kale iliyojengwa na Wajerumani ufukweni, ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 ilifanywa Taasisi ya Saratani, ina mionzi na wataalamu. Lakini mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukiwa mchanga. Safari ya kutoka Chamazi hadi ufukwe ule si ndefu ikilinganishwa na miaka 15 iliyopotea kabla yake.

CHANJO HUFANYA NINI?

Sasa tunaweza kujibu swali letu la mwanzo. Chanjo ya HPV ina maganda matupu yanayofanana na ganda la nje la virusi. Ndani hamna maandishi ya virusi, hamna E6 wala E7. Kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto HPV, wala haiwezi kuleta saratani. Mwili ukiliona ganda lile, hutengeneza askari wa kinga wanaolifahamu. Siku virusi vya kweli vikija, askari huvikamata nje, kabla havijaingia ndani ya seli.

Neno "kabla" ndilo lenye uzito. Virusi vikishaingia na E6 ikaanza kazi, askari wa chanjo hawawezi kuwafuata humo ndani. Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kutokea. Ndiyo sababu hutolewa utotoni, miaka mingi kabla binti hajaolewa. Kumchanja mtoto si kumtuhumu, wala si kumpa ruhusa ya mwenendo mbaya. Mlango hufungwa mchana, mwizi akiwa bado hajafika. Hata binti anayeishika njia njema mpaka ndoa anaweza kuolewa na mume aliyeambukizwa zamani bila kujijua.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa: dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengine waliuliza kama dozi imepunguzwa kwa sababu ya umaskini. Jibu limetoka sehemu kubwa hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti ulioanza Mwanza mwaka 2017 uliwahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba miaka miwili baadaye karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya HPV 16 na 18. Nchini Kenya, wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki katika utafiti mwingine, na dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina hizo mbili kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yaweza kutumika kwa wasichana.

Wapo wanaosema chanjo hii huharibu uzazi. Mamilioni ya wasichana wamechanjwa duniani tangu mwaka 2006, na madai hayo hayakuthibitika. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi humlazimu daktari kuondoa kizazi au kukipiga mionzi. Madhara ya kawaida ya chanjo ni maumivu mahali pa sindano, homa ndogo, na wengine kizunguzungu cha muda. Mtoto aketi kidogo kabla ya kuondoka.

SIKI NA AKINA MAMA

Na mama ambaye umri wa chanjo umempita? Kwake yupo msaidizi wa bei nafuu: siki. Mhudumu aliyefunzwa hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kungoja kama dakika moja. Seli zilizoanza kubadilika zina protini nyingi zilizosongamana, na siki huzigandisha kwa muda, zikageuka nyeupe. Ni kama ndimu inavyoyagandisha maziwa. Sehemu nzima hubaki na rangi yake ya kawaida.

Doa jeupe si hukumu ya kifo. Kwa kawaida ni dalili ya mabadiliko ya mwanzo, ambayo yaweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, pasipo kulazwa. Nchini kwetu wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaohimizwa hasa kupimwa. Mwenye virusi vya UKIMWI asingoje umri huo, bali amuulize mhudumu wa kliniki yake mapema. Binti aliyechanjwa naye atapaswa kupimwa akifikia umri, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za HPV.

NENO KWA AKINA BABA

Mara nyingi mama hushindwa kwenda kupimwa kwa sababu ya nauli, kwa kazi za nyumbani, au kwa hofu ya kuulizwa, "Umeyatoa wapi haya?" Ndugu baba, swali hilo halina faida. Virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuonekana, na hakuna awezaye kusema kwa hakika nani alivileta nyumbani, wala lini. Mwanamume huvibeba bila dalili. Basi badala ya kuuliza nani, uliza lini mama wa watoto wako alipimwa mara ya mwisho, na umsindikize. Shangazi na bibi nao wasimwambie binti kwamba haya ni mambo ya aibu. Mwili una walinzi wake. Kazi yetu ni kuwazuia adui wasifike kwenye kopo la rangi.

Mwezi huu, basi, kila familia ifanye mambo mawili. Angalieni kadi ya kila binti wa miaka 9 hadi 14, na kama hajachanjwa, ulizeni shuleni au kituo cha afya kilicho karibu. Kisha kila mama mwenye umri wa miaka 30 na kuendelea aulize siku ya kupimwa kwa siki.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini seli huhitaji kubomoa protini, hata zile zinazofanya kazi nzuri kama p53?

2. E6 haina rangi wala kinu chake. Inawezaje basi kumwangamiza mlinzi wa seli?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini chanjo ya HPV hutolewa kabla binti hajawa mtu mzima.

4. Ni vikwazo gani katika mtaa wetu vinavyowazuia akina mama kwenda kupimwa? Nani kati yetu aweza kusaidia kuviondoa, na kwa namna gani?